Ombi la Kisu Kimoja chenye Kichwa cha Mbogo

Butembo, mtaa wa Bulengera,
Jumatatu, kabla ya sherehe

Kwa Bwana Mkurugenzi wa Kiwanda cha Visu vya Kukunja vyenye Kichwa cha Mbogo,
popote kiwanda kilipo

Yahusu: Kuwasha tena mashine kwa ajili ya kisu kimoja

Mheshimiwa Bwana Mkurugenzi,

Wewe hunijui, nami jina la nchi yako silijui, kwa sababu mliliandika kwenye kisu kwa herufi ndogo ambazo mfuko wa baba yangu ulizifuta zamani. Lakini barua hii itakufikia. Papa Phinées, mwenye duka la vyuma hapa sokoni, anasafiri kesho kwenda Dubai kuleta mzigo, na ameniahidi kuitia mkononi mwa mtu anayemjua mtu wenu.

Ninaitwa Delphin Mathe. Ninauza magodoro na ninaimba besi katika kwaya ya parokia. Mimi ni mtu mpole. Sijawahi kulalamikia kiwanda chochote, hata kile kinachoniletea magodoro ya watu wawili yanayotosha mtu mmoja na nusu.

Marehemu baba yangu, mzee Kitsa, mzaliwa wa Kasugho, alikuwa na kisu chenu. Ni kile cha kazi nzito: mpini mweusi wa pembe, chuma kinene, na kichwa cha mbogo kimechorwa ubavuni. Alikinunua Kasindi, mpakani, mimi sijazaliwa. Kila asubuhi kabla ya chai alikifungua, kacha!, akakifunga, na sisi wote tukajua kwamba mzee ameamka na nyumba ina mwenyewe.

Sasa, katika ukoo wetu kisu cha baba ni jambo kubwa. Siku ya kuondoa matanga, mtoto aliyeachiwa nafasi ya baba husimama mbele ya baba wadogo, hukitoa kisu hicho mfukoni, na kwacho hukata kipande cha kwanza cha mbuzi. Asipokuwa nacho hupelekwa kukaa na wageni, na tangu siku hiyo maneno ya shamba, ya arusi na ya ugomvi huamuliwa na mwingine. Mwingine huyo kwetu ni baba mdogo Gamaliel, ambaye amekwisha kusema mbele ya watu, glasi ya kasiksi, pombe yetu ya ndizi, mkononi: «Kisu ya kaka yangu, tutaiona siku ya mbuzi.» Siku ya mbuzi ni Jumamosi hii. Bwana Mkurugenzi, kisu sina, na kosa ni lenu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mliacha kutengeneza kisu hicho bila kunijulisha. Baba alipofariki, mwezi wa pili, nilibaki kidogo karibu na sanduku lake. Chumbani alikuwamo mama yangu tu, mama Kahongya, amejifunika kitenge usoni. Machozi yalinishika. Nikakitoa kile kisu mfukoni mwangu, nikakiweka chini ya mikono ya baba, juu ya rozari. Nilifanya hivyo kwa mapendo, lakini si kwa ujinga: nilijua kwamba baada ya mazishi ningekwenda kwa Papa Phinées kununua kingine sawasawa, na hakuna mtu angejua. Nilikwenda. Papa Phinées hakuinua hata macho. Akasema: «Delphin, ile modèle ilisha kuisha zamani. Kiwanda haifanyake tena. Tafuta ingine tu.» Mngetangaza mapema redioni, baba angezikwa na rozari peke yake kama Wakristo wengine.

2. Mlikitengeneza vizuri mno. Hakikuvunjika, hakikushika kutu, hakikulegea. Nani atarudi dukani kununua cha pili? Nimemwona baba kwa macho yangu katika arusi zote za ukoo. Anasimama, anakifungua, kacha!, na mazungumzo yanakatika. Anagusa kidari, kipande kinatoka chenyewe, anampa Gamaliel. Halafu mbuzi anapelekwa nyuma ya nyumba, na baada ya muda nyama inarudi katika mabeseni, vipande vyote sawa. Hicho ndicho kisu! Mliwazoesha watu kitu cha namna hiyo, halafu mkafunga mlango mkaenda zenu.

3. Vilivyobaki sokoni ni matusi. Nilinunua kimoja chenye mkasi, msumeno, kijiti cha meno, kizibuo na miwani ya kukuzia. Nilikijaribu kwenye paja la mbuzi. Kizibuo kilijifungua chenyewe, msumeno ukanishika kidole, na nyama ikabaki nzima. Nilinunua kingine chenye mbogo mzima ubavuni, nikafurahi mpaka nilipofika kwenye mwanga: mbogo huyo ana kiwele, ni ng'ombe wa maziwa.

4. Fundi Lusenge, mhunzi wetu, alikubali kunitengenezea kingine kwa springi ya lori. Ni kazi safi, sina neno. Lakini kukifungua kunahitaji watu wawili na koleo, na uzito wake ni mambo mengine. Jumapili nilikiweka mfukoni ili nikizoee. Wakati wa matoleo, kwaya yote inacheza kuelekea altare, suruali yangu ikashuka upande mmoja, nami nikamaliza wimbo nimeishika kwa mkono. Padri alinitazama kwa huruma. Nadhani alifikiri ni maumivu ya kiuno.

5. Kuna watu walionishauri nichukue panga tu. Hao hawajawahi kupanda moto, yaani pikipiki, kutoka Butembo kwenda Beni na panga ndani ya koti la kitambaa. Mimi nilizuiwa kwenye kila kizuizi. Kwenye kizuizi cha mwisho nilieleza habari za baba, za Gamaliel na za mbuzi tangu mwanzo. Askari wakanipa kiti, wakasikiliza mpaka mwisho, halafu wakabaki na panga.

6. Nilikuwa nakwenda Mangina, maana niliambiwa huko kuna mkulima wa kakao, Jéthro, mzee wa kanisa la Kiprotestanti, mwenye kisu chenu halisi. Ni kweli anacho. Anapasulia kakao, na amekinoa miaka mingi hata kimebaki chembamba kama jani la kitunguu. Hauzi. Nilipomsihi sana alikubali kuniazima, kwa sharti kwamba yeye mwenyewe aje nacho Jumamosi, akae karibu yangu, na akirudishe mfukoni mwake mara nikimaliza. Tena hanywi kasiksi, na ataomba kusali kabla ya mbuzi kukatwa. Gamaliel ataniuliza huyu ni nani. Nitajibu nini? Kwamba ni mfuko wangu?

7. Nyumbani kwangu sina amani. Mke wangu, Marie-Jeanne, ameniwekea kisu chake cha jikoni juu ya meza na kusema: «Kamata hii. Nyama haiulizake chapa.» Yeye ni mwanamke mwenye akili, lakini mambo haya ya kukata nyama za ukoo si kitu anachokijua.

Kwa sababu hizo, Bwana Mkurugenzi, ninaomba kwa heshima mwashe mashine mara moja na kunitengenezea kisu kimoja. Kiwe kimechakaa. Kiwe na mkwaruzo karibu na bawaba, na kinuke tumbako kidogo.

Kama mashine zimekwisha kuuzwa, niazime chako. Mkurugenzi hawezi kukosa kimoja katika saraka ya meza yake.

Kama hata hicho hakipo, niandikie hati yenye muhuri, ikisema kwamba kisu cha marehemu Kitsa kimeitwa kiwandani kwa uchunguzi wa heshima. Baba mdogo Gamaliel hasomi miwani ikiwa mbali, lakini muhuri wa mviringo anauona hata gizani, na huutii. Weka miwili.

Na kama hati pia haiwezekani, basi njoo mwenyewe. Utalala kwangu, godoro ni langu, jipya, nitakupa lile la mtu mmoja na nusu. Utakaa kati yangu na mzee Jéthro, na mkoba wako magotini. Ukikataa hilo, nitabaki na njia moja tu, ya kumfungulia baba kaburi alimolala, nikachukue kisu. Tangu ule ugonjwa wa miaka iliyopita, ulioambukiza kwa kugusa maiti, hapa kwetu jambo hilo halitajwi hata kwa mchezo. Watanijia watu wa afya, watanijia wa parokia, na mama yangu atakuwa amekwisha kufika kabla yao. Nikifungwa, nitataja jina la kiwanda chako.

Nisamehe ukali. Siogopi kukaa na wageni. Viti vyao ni vizuri. Ninaogopa kwamba baba alinishika mkono siku zake za mwisho akasema «Delphin, nyumba», basi, hakumaliza, na mimi siku ya kwanza tu nikaizika nyumba yote ndani ya sanduku kwa sababu nilikuwa nalia.

Wafanyakazi wako wote nawasalimu, hata waliofukuzwa. Mama Kahongya anakusalimu, anaishi nasi. Marie-Jeanne anasalimu, na kwaya, upande wa besi. Wasingya, ndivyo tunavyoshukuru kwetu, nami nashukuru mapema ili usipate njia ya kukataa.

Mimi mteja wenu wa mwisho,
Delphin Mathe

N.B. Ninaongeza maneno haya Jumatatu iliyofuata, kwa kuwa Papa Phinées bado hajaondoka.

Jumamosi baba wadogo walikaa, mbuzi akaletwa, Gamaliel akanyoosha shingo. Mzee Jéthro hakufika na kisu chake, basi nilitia mkono mfukoni penye kisu cha Marie-Jeanne, kimefungwa katika leso, na tayari nilikuwa natafuta kwa macho kiti cha wageni. Mama akainuka kutoka upande wa wanawake, akafungua pindo la kitenge chake, akanitilia mkononi kisu cha baba. Akaninong'oneza: «Siku ile ulikuwa unalia tu, akili hapana. Nikasema, huyu mutoto atakuja kuitafuta. Nikaitosha mbele bafunge sanduku.» Kumbe alikitoa kabla hawajafunga.

Nilikifungua. Kacha! Watu wote wakanyamaza. Nikakata, Bwana Mkurugenzi, na chuma kikateleza juu ya kidari kama kijiko. Nikakandamiza, kikateleza tena. Mama, ambaye hakuwa amerudi mahali pake, akasema kwa sauti ndogo: «Vuta tu. Ile nyama nilisha kuikata.» Nikavuta. Kipande kikatoka chenyewe. Gamaliel akakipokea kwa mikono miwili, akatazama kichwa cha mbogo, akasema: «Ni yenyewe.» Halafu mbuzi akapelekwa nyuma ya nyumba, nami kwa mara ya kwanza nikamfuata. Huko nilimkuta Marie-Jeanne na wanawake wengine, kila mmoja na kisu chake cha jikoni, na nyama imekwisha kukatwa karibu yote.

Nilimwuliza mama. Alicheka mpaka akashika mbavu. «Ile kisu? Makali iliisha wewe uko mu tumbo yangu. Baba yako alikuwa anafungua. Kukata, ni sisi.» Marie-Jeanne amekichukua kisu chake kutoka mfukoni mwangu, amekiosha, na tangu hapo mimi ndiye ninayemenya vitunguu.

Kwa hiyo futa yote yaliyo juu, mashine zilale. Kisu mama amekirudisha katika pindo la kitenge. Atanipa siku ya mbuzi mwingine. Kila asubuhi kabla ya chai namsikia ng'ambo ya ukuta akikifungua, halafu anakifunga. Hakati kitu. Ninabaki na ombi moja tu: kama yuko fundi wako anayekumbuka ile springi ya ndani inapakwa mafuta gani, tafadhali aniandikie upesi, maana sauti imeanza kupungua.