Kifaa Kisichofunguka

Kwa heshima na taadhima, ofisi yetu inautangazia umma kwamba kifaa chetu cha kufungia siri hakifunguki. Habari hizi ni za uhakika: zimo katika Ripoti Kuu ya Majaribio, ambayo hakuna aliyeisoma, kwa kuwa imefungwa na kifaa hichohicho.

Mimi, katibu wa Kamati ya Siri, nilikuwa nimeshaandika muhtasari wa kikao tangu jana yake, kuokoa muda. Aliyetusumbua hadi tukakutana ni fundi wetu wa kompyuta, tunayemwita Dada Nyaya. Alidai kifaa kinavujisha ufunguo wake, yaani namba ya siri, kwa jinsi kinavyokula umeme.

"Ukishindwa leo, kazi huna," Mkurugenzi alimwambia mbele ya Mwenyekiti wa Bodi.

"Sawa, mzee. Na nikishinda?"

"Hilo halimo kwenye ajenda."

Nilimwonea huruma kidogo. Kisha nikakumbuka kwamba meza yake iko dirishani, na birika langu la umeme nilikuwa nimeshalihamishia pale.

Dada Nyaya akatoa pacha wa kifaa chetu, ambaye kwa miaka miwili alikuwa akizuia mlango wa stoo usijifunge. "Hiki nilikilisha funguo ninazozijua," alisema. "Nikapima umeme kinaokula kwa kila namba, mara elfu na elfu, nikaitengenezea kila moja kiolezo chake, yaani mchoro wa ulaji wake wa umeme. Sasa napima chenu, programu yangu ya Python inalinganisha. Mama hujua ni mtoto yupi anashuka ngazi kwa kusikia hatua tu."

"Umeme ni umeme, binti yangu," alisema Mkurugenzi, akijipepea kwa ajenda.

Chai haijapoa, namba zikaanza kujipanga kwenye skrini. Mkurugenzi akapendekeza kifaa kisitumie umeme tena. Nikaandika "imepitishwa", akachomoa waya. Maji yalikuwa yameshamwagika: namba zote zilikuwa kwenye skrini. Ripoti Kuu ikafunguka.

Ilikuwa na mstari mmoja na sahihi. Mwenyekiti akausoma: "Kifaa hakijajaribiwa. Sijui kinafanyaje kazi, na naona aibu kuuliza."

"Hii sahihi ni ya nani?" aliuliza.

"Hilo halimo kwenye ajenda," Dada Nyaya alijibu kwa upole.

Siku hizi Mkurugenzi hufundishwa naye kila asubuhi, daftari mkononi. Birika langu nililirudisha kimyakimya siku moja baada ya kikao.

"Katibu," Dada Nyaya aliniambia siku hiyohiyo bila kuinua kichwa, "mita ya umeme ya meza yangu ilipanda jana saa nne kamili. Anayechemsha chai saa hiyo humu ni mmoja tu."