Ghala Moja, Tarehe Mbili

Jumatatu, 6 Oktoba

Siku kubwa! Saa nne asubuhi Mkurugenzi katukusanya chumba cha mikutano, kasema imetosha. Kituo kina darubini moja na vyombo vitatu, na kila chombo kina programu yake ya kusafisha picha, iliyoandikwa na mtu wake na kueleweka na yeye peke yake. Mtu akiugua, chombo nacho kinaugua. Kuanzia leo ni ghala moja la kompyuta, lenye programu zote na picha zote, kikundi kimoja, mkuu mmoja. Mkuu atatangazwa Jumatatu ijayo.

Mkuu! Moyo ulinidunda hadi nikaogopa jirani yangu atausikia. Jirani mwenyewe ni Shemeji, kaka wa mke wangu, mtu wa kipimarangi, chombo kinachopasua mwanga wa nyota kuwa rangi. Mimi ni wa kamera kubwa. Wa tatu ni dada wa kamera ya joto, tunamwita Bi Kimya kwa sababu husema mara moja kwa wiki. Huyo simhesabu.

Miaka tisa nimeandika programu yangu. Mistari elfu kumi na mbili! Akiteuliwa Shemeji, yote itaishia jalalani, na mimi nitakuwa naomba ruhusa kwake siku za kazi halafu Jumapili namkaribisha mezani kwangu. Haiwezekani. Mbinu: nimeiingiza programu yangu ghalani nzima nzima na kuiita MSINGI. Nani atathubutu kung'oa msingi?

Jumanne, 7 Oktoba

Shemeji aliingiza ya kwake dakika sita kabla yangu. Ameiita MZIZI. Mtu hana haya.

Kikao cha saa tatu. Bi Kimya katumia zamu yake ya wiki. Kauliza usiku mmoja, unaoanza tarehe hii na kwisha tarehe nyingine, tunaupa tarehe ipi. Kicheko. Halafu kicheko kikakatika. Kumbe kwa miaka yote hiyo mimi naziweka picha kwenye folda ya siku ambayo usiku unaiamkia, na Shemeji anaziweka kwenye folda ya siku ambayo usiku unaanza! Usiku uleule, darubini ileile, tarehe mbili.

Nikasimama. Nikasema hata watoto wanajua, watu husema usiku wa kuamkia Jumatano, basi ni wa Jumatano. Shemeji akasema hata watoto wanajua, kitu huhesabiwa kilipoanza, au mimi nilihesabu umri wangu tangu nilipoacha kunyonya? Wakacheka wote. Damu ilinichemka. Tulibishana hadi chai ikapoa kwenye vikombe. Mwisho Mkurugenzi kasema Bi Kimya atatafuta njia hadi Jumatatu, na kabla ya hapo hakuna mtu kugusa tarehe yoyote. Ametutazama sisi wawili alipokuwa anasema hivyo. Sijui kwa nini alinitazama mimi.

Nyumbani nimemwomba mke wangu aamue. Amesema yeye mwenyewe alizaliwa usiku wa kuamkia Ijumaa, na ndiyo maana kila mwaka kaka yake humpongeza siku moja na mimi siku ya pili. Nikamuuliza kwa hiyo nani yuko sahihi. Akasema anapata zawadi mbili, tusimharibie.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimekwisha! Yaani nimemaliza, kazi imeisha, na ni tamu!

Wenzangu walipokwenda kula, nilibaki. Niliandika mistari minane tu: ingia kwenye folda zote za Shemeji, ongeza siku moja. Miaka kumi na moja ya picha. Nikabonyeza. Dakika arubaini, jasho linanitoka, nimeegemea mlango mtu asiingie. Sasa kituo kizima kinafuata tarehe zangu. Jumatatu Mkurugenzi ataangalia, atakuta hakuna tena ugomvi, atauliza nani mwenye busara hii. Nitainamisha kichwa kidogo. Nimejaribu mbele ya kioo cha msalani, napendeza.

Shemeji naye hakwenda kula. Alisema tumbo halijakaa sawa. Pole yake.

Alhamisi, 9 Oktoba

Naandika mbio, sijui kama nitaweza kusoma hati hii kesho!

Asubuhi nilitaka kuonja raha ya ushindi wangu. Nikachukua nyota moja iliyowaka ghafla mwezi wa nane, nikazilinganisha picha zangu na za kipimarangi. Kwenye kamera yangu imewaka tarehe 12. Kwenye kipimarangi imewaka tarehe 13. Nikafuta miwani. 12. 13. Tarehe zetu sasa ni moja, nimezipanga mimi mwenyewe kwa mikono yangu miwili, kwa hiyo kosa haliwezi kuwa kwenye tarehe. Lazima liko angani!

Kweli mimi nilikuwa nakumbuka kamera yangu iliiona tarehe 13. Lakini ghala linasema 12, na kati ya ghala na kichwa changu, ghala ndilo lenye nakala ya akiba.

Mtu mwoga angeishia hapo. Mimi nikachukua nyota ya pili. Siku moja! Ya tatu. Siku moja! Hadi adhuhuri nilikuwa na nyota kumi na nne, na zote, bila hata moja kukosea, rangi zake zinafika siku moja baada ya mwanga wake. Anga zima! Hakuna mtu duniani anayelijua hili isipokuwa mimi. Nilizunguka meza mara tatu. Nikamkumbatia mlinzi wa getini, akauliza kama mke wangu amejifungua.

Nani atampa ukuu Shemeji sasa?

Ijumaa, 10 Oktoba

Mwizi! Mwizi wa mchana!

Nilifika kwa Mkurugenzi saa mbili na robo, karatasi mkononi. Shemeji alikuwa ameshakaa, karatasi mkononi. Ana nyota kumi na saba. Ugunduzi uleule! Anaapa ameufanya jana asubuhi bila msaada wa mtu. Nikamwambia amechungulia kompyuta yangu. Akasema kompyuta yangu haina cha kuchungulia. Nikasema jambo hili litaitwa kwa jina langu. Akasema kwa jina la ukoo wao, na kwa kuwa nimeoa kwao nitapata heshima kidogo.

Mkurugenzi alisoma karatasi zote mbili, kalamu mdomoni. Kisha akauliza polepole kama kuna yeyote aliyegusa tarehe. Nikasema mimi? Shemeji akasema yeye? Tulikana kwa sauti moja, kama kwaya. Akasema basi tutaeleza wote wawili Jumatatu mbele ya kikundi.

Nimenunua shati jipya. Mke wangu amesema kaka yake naye amenunua, na la rangi hiyohiyo.

Jumatatu, 13 Oktoba

Sitaki kuandika. Nitaandika.

Nilianza mimi. Nilieleza vizuri, kwa mikono. Shemeji akaeleza, kwa mikono zaidi. Halafu Bi Kimya akainua kidole na kuuliza, kila mmoja wetu amejuaje kwamba tarehe za vyombo viwili zinalingana.

Nilikuwa nimepandwa na mori. Nikasema najua kwa sababu nimeziweka sawa mimi mwenyewe! Na Shemeji, palepale, bila kupumua, akasema hapana, ameziweka sawa yeye!

Nikamtazama. Akanitazama.

Bi Kimya akawasha ukutani daftari la ghala. Kumbe ghala huandika kila anayegusa kitu, jina na saa! Jumatano, saa saba na dakika tano, mimi: nimeongeza siku moja kwenye folda zote za Shemeji. Jumatano, saa saba na dakika nane, Shemeji: amepunguza siku moja kwenye folda zangu zote. Yeye kahamia kwangu, mimi nimehamia kwake. Tumepishana njiani, na siku moja imebaki palepale katikati yetu.

Nilitamani sakafu inimeze. Watu walicheka hadi mmoja akatoka nje. Bi Kimya hakucheka. Alirudisha kila kitu mahali pake kwa amri moja, kisha akasema kila picha ina saa yake kamili iliyoandikwa ndani, tangu siku ilipopigwa. Programu yake inasoma hiyo saa tu. Haiulizi usiku ni wa nani.

Ameteuliwa yeye. Nusu dakika, hakuna aliyepinga. Hata mimi nilipiga makofi, nikitafuta pa kuweka uso.

Jumatano, 15 Oktoba

Habari njema! Nimefufuka!

Bi Kimya ameniita. Nilikwenda nimejiandaa kufukuzwa. Amesema amesoma mistari yangu yote elfu kumi na mbili, na ile sehemu ya kufuta vumbi kwenye picha hajawahi kuona nzuri kama hiyo. Itatumika kwa vyombo vyote vitatu. Mistari arubaini! Yangu! Nilishukuru haraka nikatoka, maana machozi yalikuwa yananilenga na shati ni jipya.

Nilibadilika hapohapo. Nimekula kiapo: sasa ni ushirikiano tu. Nimempa Shemeji mkono, naye kanipa wake, tukacheka, tukasema tulikuwa wajinga.

Alasiri limetokea jambo dogo. Ili vumbi lifutwe, lazima tukubaliane namna ya kuhesabu nukta za picha. Mimi naanza na moja, kama mtu yeyote mwenye vidole. Shemeji anaanza na sifuri. Bi Kimya amesema tusiguse, ataamua kesho.

Lakini kwa nini tumchoshe, mkuu mpya, ana kazi nyingi? Ni kuongeza moja tu kwenye orodha za nukta za Shemeji. Na daftari la ghala lisinitishe. Safari hii acha liandike jina langu, wote waone nani alikuwa wa kwanza. Nimeshabonyeza. Dakika kumi tu.

Ng'ambo ya ukuta namsikia Shemeji anachapa kwa kasi. Atakuwa anamwandikia dada yake barua.