Vita vya Dumu la Stafford

Je, enyi mlioketi na vikombe vyenu, mmepata kusikia habari za vita vya Stafford, kando ya Houston huku Marekani, alivyopigana bibi kizee mwenye goti bovu, bila panga wala farasi, ila kwa dumu la plastiki na subira? Kama hamjasikia, jongeeni. Bibi huyo ni mimi, na sifa zake nazitoa mwenyewe, maana hakuna mwingine aliyejitolea.

Chanzo chake ni daktari, aliyesema hataniruhusu kufunga Ramadhani mpaka ajue figo zangu zafanya kazi vipi. Figo zangu! Mabawabu wawili waliosimama langoni tangu nizaliwe Mombasa, miaka sitini na tisa, wakichuja damu usiku na mchana, wakitoa nje chumvi ya ziada, masalio ya dawa za presha na kila kisichotakiwa mwilini, wala hawajaomba likizo. Leo wanaitwa barazani, na ushahidi wao ni mkojo wa saa ishirini na nne, usipungue tone, usizidi tone.

Binti wa maabara, Bernadette, Mkongo mpole, akanikabidhi silaha: bakuli la kutega chooni, mfano wa kofia iliyopinduliwa, na dumu la rangi ya chungwa. Tena akanipa dumu la pili la akiba, kana kwamba alinijua nilivyo. Sharti lake: mkojo wa kwanza wa asubuhi umwagwe, kisha wote uingie dumuni mpaka saa ile ile kesho yake, na dumu likae kwenye baridi.

Jumamosi saa moja asubuhi nikaingia uwanjani. Dumu nikalivisha leso kuukuu kwa kulisitiri, nikaliweka ndani ya friji, ubavuni mwa maziwa na sambusa za binti yangu Amna. Mkwe wangu Swafwani, dereva wa lori, simba wa barabara kuu za Houston, alilifungua friji mara moja tu siku hiyo. Chai akanywa ya rangi.

Mapambano sita nikashinda. La saba, baada ya alasiri, likaniangusha. Mtu aliyelelewa na birika la maji chooni, mkono wake haungojei amri: kabla akili haijafika, mkono ulikwisha kuliinua birika, na maji ya kujitakasia yakateremka bakulini kama jeshi la adui lililofunguliwa lango na mlinzi aliyesinzia. Na mlinzi ni nani? Ni mimi huyu huyu. Nikiyatia dumuni, mkojo umezidi, nikiyamwaga, umepungua.

Swafwani akashauri niyatie tu. Eti maji yatazifanya figo zionekane za msichana. Amna akamtazama, naye akakumbuka ana kazi nje. Mimi nikasimama mlangoni pa choo, nikahutubu.

"Figo hizi hazijanidanganya hata siku moja, nami sitazisemea uongo. Amna, mwaga yote. Kesho twaanza upya."

"Mama, kesho ni karamu ya kina Mwanakhamis. Nguo umeshashona."

"Nguo itangoja."

Lakini haikungoja kabatini. Nikauvua mkanda wake wa hariri, nikaufunga kwenye mpini wa birika, ili mkono ukifika pale ushituke: toa bakuli kwanza, jitakase baadaye. Jumapili nzima, wenzangu wakila biriani kwa shoga yangu Mwanakhamis, mtaa wa Alief, mimi na mkanda wangu tulilinda ngome, na kila mkono uliponyanyuka, hariri iliurudisha.

Jumatatu dumu likapelekwa maabara mapajani mwangu, Amna akiendesha polepole kama aliyebeba bibi harusi. Bernadette akaliinua kwenye mwanga.

"Mama, iko yote? Hakuna maji ndani?"

"Hata tone, mwanangu."

Akabandika jina langu. Na waandike watakaoandika: lita moja na nusu, na kidogo juu yake.

Alhamisi daktari akapiga simu. Mabawabu wangu wako imara. Nifunge, ila nikihisi kizunguzungu nifungue. Swafwani akanipigia makofi kwa kijiko na sufuria. Amna ndiye aliyekaa kitako, akauliza kwa nini nilijitesa hivyo, na mwaka jana nilitoa fidia ya kutofunga nikapumzika.

"Sikupumzika," nikamwambia. "Kila adhuhuri nilikula peke yangu nyuma ya mlango wa jikoni, nikitafuna polepole msinisikie. Nilitaka na mimi niingoje adhana pamoja nanyi, nikiwa na njaa yangu."