Kochi la Watu Saba, Mlango wa Mtu Mmoja

Jumatatu, 2 Machi

Nimedhulumiwa. Naandika kwa hasira, mwandiko wenyewe shahidi.

Redio imetangaza kimbunga. Kitatufikia Alhamisi mchana. Kamati ya mtaa ikaitisha mkutano wa kuchagua msimamizi wa uhamishaji, yaani mtu atakayevaa kizibao cha njano, kupuliza filimbi na kuhakikisha hakuna aliyebaki nyumbani. Mimi nilikwenda nimenyoa. Shati la kola. Sauti nimeikohoza tangu asubuhi. Nani mwingine mtaa huu ana sauti?

Wamemchagua Futi! Futi, seremala, jirani yangu ukuta kwa ukuta. Wanamwita hivyo kwa sababu futi ya kupimia haimtoki kiunoni, nadhani hata kuoga anaoga nayo. Ukikutana naye anakutazama mabega kwanza, kama anayepanga jeneza. Kapata kura ishirini na sita. Mimi nimepata moja. Nikamuuliza mke wangu alimpigia nani, akasema kura ni siri. Siri gani? Ile moja niliipiga mimi!

Agizo lake la kwanza: Alhamisi saa nne asubuhi lori litatubeba hadi shule ya mlimani. Kila mtu begi moja. Na aliposema moja alinitazama mimi. Watu wote waliona.

Jumanne, 3 Machi

Sijalala vizuri. Tatizo ni kochi.

Mimi ni fundi makochi, mwaka wa ishirini na mbili huu. Nusu ya mtaa inakalia kazi ya mikono yangu. Kwangu mwenyewe sebuleni kuna viti vya plastiki, kimoja mguu umefungwa waya. Siku ya harusi nilimwahidi mke wangu kochi. Sikusema lini. Miaka tisa iliyopita nikalianza katika chumba cha nyuma, leo ubao, kesho sponji, kati ya kazi za watu. Mwezi jana limekwisha. Watu saba! Kitambaa cha kijani kibichi, mgongo wa vifungo, mikono mipana ya kuweka hata sinia. Sijawahi kutengeneza kitu kama kile, wala sidhani kama kuna aliyewahi.

Lina kasoro moja ndogo. Halitoki chumbani. Mlango ni wa mtu mmoja, tena mwembamba, na kochi lilikuwa likikua humohumo kidogo kidogo, sikuona lilipoupita mlango. Kwa hiyo mke wangu na mama yake, anayeishi nasi, huenda chumba cha nyuma kulikalia saa za jioni, halafu wanarudi kwenye plastiki.

Sasa chumba hicho kiko upande wa bonde. Maji yakija yataanzia hapo. Mke wangu kasema tuliache, kochi ni kitu tu. Kitu tu! Miaka tisa!

Najua kuna watakaosema: si umwite seremala hapo jirani akung'olee fremu ya mlango, kazi ya nusu saa? Thubutu. Kile kizibao kiingie nyumbani kwangu kije kupima aibu yangu kwa inchi? Ng'o. Nitaing'oa mwenyewe.

Jumatano, 4 Machi

Mtaa mzima unagongelea mbao kwenye milango na madirisha. Mimi nimebomoa.

Fremu ya chumba cha nyuma ilikuja vizuri tu, ila ilikuja na ukuta. Kipande kidogo. Kisha kingine cha upande wa bonde, ambacho sikukiomba. Haidhuru, kochi likapita! Nikaliburuta hadi mlango wa mbele. Nao ni wa mtu mmoja. Ebo! Nikaung'oa na huo.

Futi akaja akasimama uani, filimbi mdomoni. Kwa ule upole wake wa kuudhi akauliza kama tangazo nilielewa, maana wenzangu wanaziba. Nikamwambia kila nyumba ina utaratibu wake. Akashika futi yake kiunoni. Nikamwambia airudishe. Akaniambia ana mbao, aje aniwekee japo mbili. Nikamjibu sijafika huko, aende akazibe kwake.

Mke wangu alirudi akakuta nyumba iko wazi mbele na nyuma. Hakusema neno. Mke wangu akinyamaza namna ile, majirani hufunga madirisha. Leo walikuwa wamekwisha kuyafunga.

Lakini akili yangu hailali. Ile karatasi ya maagizo aliyotugawia Futi nimeisoma yote. Kifungu cha nne: mgonjwa asiyeweza kutembea ataruhusiwa kubebwa na kitanda chake. Haya. Mama mkwe wangu ana magoti. Nikamwendea kwa adabu zote za mkwe, macho chini, nikauliza kama hayo magoti yanaweza kuzidi kesho kabla ya saa nne. Akauliza kwenye lori atakaa wapi. Nikasema hatakaa, atalala, kwenye kochi. Akafikiri. Akasema, mwanangu, hata kifua si kizuri sana.

Mwanamke huyu ni wa thamani, sijui kwa nini nilichelewa kumwona.

Alhamisi, 5 Machi, asubuhi

Ushindi! Wanaume wanane wamembeba mama mkwe juu ya kochi hadi kwenye lori, kajifunga shuka kichwani, anaugua kila hatua, na katikati ya kuugua anawaambia wa upande wa kushoto wainue. Futi kaisoma karatasi yake mara mbili. Kifungu cha nne hakisemi kitanda ni nini. Midomo ikamcheza. Kapisha!

Kisha dereva akasema kochi limekula nafasi ya watu kumi na mmoja. Saba wakakaa juu yake na mgonjwa akakunja miguu. Wengine wakabanana pembeni. Wa mwisho akakosa nafasi, na wa mwisho nilikuwa mimi! Mwenye kochi! Nimepanda mlima kwa miguu nyuma ya lori, upepo unanivua shati.

Futi naye hakupanda. Kabaki nyuma, eti anakagua nyumba. Nilipofika kona nikasikia nyundo, tena upande wa kwangu. Bila shaka anang'oa kilichobaki akakipime kwa raha. Nitaandika barua kwa kamati.

Ijumaa, 6 Machi

Jana sikuweza kuandika mengine. Leo naandika, lakini kwa kifupi, maana hayaniletei sifa.

Mlango wa darasa tulilopewa ni mpana kuliko wa kwangu. Si mpana wa kutosha. Kochi liliingia nusu likakwama. Vuta, sukuma, pindua, wapi! Mama mkwe bado yuko juu yake, kichwa darasani, miguu nje kwenye mvua. Saa nane mchana. Watu hamsini ndani, mlango hauwezi kufungwa, na upepo ule ulikuwa umeacha kuvuma, sasa unapiga. Watoto wanalia. Mwenyekiti wa kamati, mama mmoja mstaarabu sana, alinitamkia maneno ambayo hayawezi kuingia kwenye kumbukumbu za kikao.

Nikasema tatizo ni waliojenga shule.

Ndipo Futi akatokea, anakimbia, kalowa hadi kwenye filimbi. Nilimngoja anicheke. Hakucheka. Alitazama kochi mara moja tu, bila futi, akatoa msumeno. Kisha akaniomba ruhusa. Mimi! Akasema ni mkono wa kushoto peke yake, na kwamba anaona uchungu, kwa sababu ni kazi nzuri.

Nikamtazama mke wangu. Alikuwa amemshika mama yake mkono, maji yanamtiririka usoni, na hakuwa akilitazama kochi. Alikuwa akinitazama mimi. Bati likapita uwanjani, linaruka kama karatasi.

Nikasema kata.

Nikaushika ule mkono ili usitikisike. Futi anakata moja kwa moja, hapindi hata unywele. Nimekubali hilo hapa na sitalikubali mahali pengine.

Kochi likaingia. Mlango ukafungwa, na kwa pigo la kwanza la upepo komeo likang'oka. Tukalisukumia kochi mlangoni. Wakakaa watu saba wazitozito kuliongezea uzito, kwa zamu, hadi jioni. Mlango ulitikisika, kochi halikusogea. Mama mkwe alikataa kutoa zamu yake. Alisema yeye ni mgonjwa.

Watu wote hamsini wazima. Nimewahesabu mwenyewe mara mbili, maana mikono ilikuwa inatafuta kazi.

Na leo asubuhi wanamshukuru nani? Futi! Kwa wazo la kusukumia kochi mlangoni! Kochi la nani jamani? Lilifikaje mlimani? Hakuna aliyeuliza. Mmoja kapita akaliita kochi la bibi mgonjwa. Nikatoka nje.

Jumamosi, 7 Machi

Tumerudi.

Njia nzima nilikuwa natunga maneno ya kumwambia mke wangu tukikuta nyumba imekuwa bwawa. Yote yaliangukia kwa waliotengeneza milango myembamba.

Tumefika, nyumba imesimama. Yale matundu yangu mawili yamezibwa. Mbao nene, ngumu, zimepigwa misumari kila shubiri, chini mifuko ya mchanga. Tukabandua, tukaingia. Ndani kukavu! Viti vya plastiki vimekaa vilevile, havina hata haya.

Mke wangu akaniuliza hizo mbao za nani. Nikapapasa ubao mmoja. Nilikuwa nimezitambua. Mwezi mzima nimeziona zimeegeshwa karakana ya Futi, kazichonga kwa ajili ya madirisha yake. Ile nyundo niliyoisikia.

Nikatazama upande wa pili wa ukuta. Upepo uliingia kwa Futi kupitia madirisha, ukanyanyua paa lote, ukalipeleka sijui wapi. Karakana, chumba, vyote vinaona mbingu. Yeye na mkewe wamesimama katikati. Futi kashika futi mkononi na hapimi kitu.

Nilimwendea. Nilikuwa na neno la kumwambia, kweli nilikuwa nalo, liko hapa kooni. Nikafungua mdomo, nikamwambia ubao wa tatu kushoto ameupigilia umepinda.

Akautazama kutoka kule. Akasema kweli, umepinda, alikuwa na haraka.

Nimejisikia vibaya kuliko siku zote za maisha yangu. Naandika kwa sababu humu hamna anayesoma. Mke wangu hakungoja nipone, alivuka, akawachukua wote wawili na masufuria yao. Watakaa sebuleni kwetu hadi paa lirudi.

Jumapili, 8 Machi

Mgeni huyu! Kabla jua halijachomoza anapima dirisha. Mama mkwe, ambaye magoti yamepona ghafla, anampa yeye chai ya kwanza na kumwita mwanangu. Mwanangu ni mimi! Nimekunywa chai ya tatu, ya vuguvugu.

Lakini kochi limeingia sebuleni. Mlango haupo bado, kwa hiyo limepita bila shida. Mke wangu amelikalia. Akakaa upande ule usio na mkono, akakaa sana, akapitisha kiganja kwenye vifungo. Akasema ni zuri.

Nikatoka kwenda kukagua mfereji wa maji. Mfereji hauna tatizo lolote. Nimeukagua muda mrefu.

Jumamosi, 21 Machi

Paa la Futi limekwisha. Kesho wanahamia kwao. Mtaa mzima umemchangia nguvu, nami nilishika ngazi, kazi ambayo hakuna aliyeitaja.

Kabla ya kuondoka kasisitiza kunimalizia milango. Leo kafunga fremu mpya, ya chumba cha nyuma na ya mbele, mbao ngumu, kaziingiza kwenye zege hadi magotini. Anajisifu kwamba kije kimbunga gani, fremu hizi hazing'oki. Mke wangu kashangilia. Mama mkwe kampa maandazi mawili na mimi moja.

Hawajui mimi nina nini. Wiki mbili nimejifungia chumba cha nyuma, nimepachika blanketi mlangoni, nikisema ni kazi ya mteja. Hakuna mteja! Ni zawadi ya Futi. Neno lile lililonikwama kooni nimelitengeneza kwa mbao na sponji. Kesho atakapokuwa anabeba masufuria yake nitasema subiri kidogo, nitaondoa blanketi, na mtaa wote utaona nani ana moyo mkubwa. Watu nane! Mikono yote miwili!

Leo mchana kaniuliza kutoka upande wa pili wa blanketi, taratibu, eti hiyo kazi ya mteja nimeipima? Hasira zikanipanda! Nani asiyepima? Nimempa jibu lake, ashughulike na yanayomhusu.

Kochi nimelipima mara tatu, urefu, upana na kimo. Mlango sijaupima. Mlango ni kazi ya seremala.