Ombi la Kupunguza Harusi Ili Itoshe Kwenye Betri

Ebeneza Video,
Itebe Juu, Isongole.

Kwa Mzee Obed, Mwenyekiti,
Baraza la Wazee wa Kanisa,
Usharika wa Itebe.

Baba yangu katika imani, mugonile. Bwana asifiwe sana.

YAH: HARUSI ZIPUNGUZWE ZITOSHE KWENYE MEMORI KADI MBILI NA BETRI MBILI, BADALA YA MIMI KUFUKUZWA

Mimi ni Tulinagwe, mjane wa marehemu Jairo. Ndiye mimi yule mpiga video mnayemwona kila harusi amesimama karibu na kinanda na kitenge begani. Afya yangu ni njema, isipokuwa goti la kushoto, nalo nimeshalizoea. Viazi vimekubali mwaka huu, tunamshukuru Mungu.

Baba, nimesikia kwamba Alhamisi mtakaa kuamua kama niendelee kupiga video za harusi kanisani kwetu, au nafasi hiyo apewe kijana Nelson wa Mbeya, mwenye kamera tatu na nyingine inayopaa. Kamera hii ndiyo jembe langu. Shamba lilitulisha, lakini aliyewasomesha wanangu baada ya Jairo ni kamera. Kwa hiyo kabla hamjanyoosha mikono, naomba barua hii isomwe kwa sauti, na Mzee Ambindwile awepo, maana mlalamikaji ni yeye.

Kwa mzee ambaye hakukisikia kisa: mwezi uliopita Mzee Ambindwile alimwoza mwanawe Noah. Bibi harusi ni Jenifer, binti wa watu wa Kyimo, msichana mwenye adabu zake. Nikapiga video. Ilipokamilika, ukoo mzima ukakusanyika sebuleni kwa Mzee kuitazama. Walipofika kwenye kiapo, kwenye runinga likatokea paa la kanisa. Paa tu. Mabati, mbao, na yule popo wetu. Maneno ya kiapo yanasikika vizuri kabisa, ila wanaoapa hawaonekani. Mzee akasimama akasema, "Mimi nimetoa ng'ombe kwa ajili ya Jenifer, sijatoa ng'ombe kwa ajili ya mabati!" Mkewe akamwambia, "Kaa chini baba Noah, labda Jenifer anakuja." Hakuja.

Baba zangu, kosa si langu. Kosa ni la harusi. Nitaeleza kwa namba, maana mimi nikianza kuongea bila namba hufika mpaka Lufingo.

1. Kuhusu memori kadi. Watu hudhani kadi ni kadi. Nami nilidhani hivyo, nikanunua moja mezani pale Tukuyu sokoni, bei ya huruma, juu yake imeandikwa ina nafasi ya kumeza harusi kumi. Ikameza moja. Yule samaki alimmeza Yona akamtapika. Kadi ile haijatapika kitu mpaka leo. Tangu hapo nina utaratibu wangu. Sinunui kadi moja kubwa ya bei ya kutupa, nanunua mbili ndogo kutoka duka lenye mlango, ili siku ya ugomvi nijue pa kubisha hodi. Na kabla ya kuzipeleka kwa watu nazijaza hapa nyumbani kwa kumchukua video ng'ombe wangu kutwa nzima. Nikifungua nikamkuta ng'ombe ni yuleyule, na mkia wake upo, ndipo naiamini kadi. Moja ni ya kanisani, nyingine ya ukumbini. Ikitokea moja imeharibika, angalau watu wanabaki na nusu ya ndoa.

Sasa Mchungaji wetu Charles amejaliwa neno, na neno lenyewe haliishi. Siku ya Noah alianzia kwa Adamu, na kabla hajatoka bustanini kadi ilikuwa imefika nusu. Naomba mahubiri ya harusi yapimwe kwa kadi. Bwana wetu mwenyewe alipanda mlimani akahubiri mahubiri ambayo mpaka leo dunia nzima inayajua, na ukiyasoma kwa sauti yote yanaingia kwenye kadi yangu ndogo, na nafasi ya keki inabaki.

2. Kuhusu betri. Ninazo mbili. Moja ni orijino, imezeeka, lakini mkweli: ikisema inaisha, inaisha. Nyingine ni ya kuigiza. Hiyo inasema imejaa, imejaa, imejaa, halafu inaondoka bila kuaga kama mgeni aliyeficha kijiko mfukoni. Orijino mpya inauzwa bei ya ndama, na ndama sina. Basi ile ya kuigiza naiweka kwenye keki, kwa sababu keki hata ikipita, watu watasimamishwa tena na kisu na watacheka tena. Kiapo nakiwekea orijino. Hapo sijakosea, baba. Muulizeni fundi yeyote.

Ila betri na baridi yetu hazipatani. Ukungu ukishuka kutoka mlimani, betri iliyojaa inazimika kama imemwagiwa maji. Ndiyo maana nazihifadhi kifuani, ndani ya blauzi, zipate joto. Nimesikia kuna mzee alimnong'oneza mwenzake, "Huyu mama mbona anajikuna kwenye maombi?" Sijikuni. Nabadilisha betri. Wale wanawali wenye busara walibeba mafuta ya akiba, wakafunguliwa mlango. Mimi nabeba betri ya akiba, nasengenywa.

Kwa hiyo naomba ile soketi ya karibu na madhabahu, ambayo sasa imekaliwa na kinanda, ipewe chaja yangu. Kwaya wapige makofi. Makofi hayali umeme. Pia kiapo kisogezwe mbele: maharusi waapishwe mlangoni, kabla ya wimbo wa kuingia, betri ikiwa bado na nguvu za ujana. Wakishaoana ndipo waingie, waimbiwe, wahubiriwe, waulizwe kama kuna mwenye pingamizi. Betri ikifa, ndoa itakuwa hai.

3. Kuhusu mashangazi. Kwetu zawadi haitolewi kwa kunyoosha mkono, inachezwa. Shangazi ana beseni moja tu, lakini kutoka mlangoni hadi meza kuu anamaliza nyimbo mbili, na akikaribia kufika anarudi nyuma kwa sababu hajaridhika. Nikimrekodi kila mmoja, keki sitaiona. Nikimruka mmoja, kesho kisimani sisalimiwi. Basi wengine nawarekodi kwa imani. Naelekeza kamera, nainama, nafumba jicho moja, natikisa kichwa kwa kusifu, "Hapo hapo shangazi, zungusha!", ila kitufe sijakigusa. Tumefundishwa kwamba imani ni kuamini kisichoonekana, na mashangazi hao, nawahakikishia, hawaonekani.

Naomba mashangazi wote wacheze kwa pamoja, mzunguko mmoja, mabeseni yote juu. Au basi, kama baraza lina ujasiri, ndoa zote za mwaka zifungwe siku moja: maharusi wote benchi moja, keki moja, pingamizi moja. Kadi zangu mbili zitatosha usharika mzima.

4. Sasa paa. Baba, hapa naomba msikilize kwa makini.

Mila yetu mnaijua. Mkamwana hamtazami baba mkwe wake usoni, hapiti mbele yake, jina lake halitamki. Mimi nilipoolewa, baba yake Jairo akitokea njiani nilikuwa naingia kwenye migomba mpaka apite, hata mvua ikinyesha, na mvua ya kwetu si ya kusimuliwa. Siku hizi vijana wamelegeza, lakini Mzee Ambindwile hajalegeza. Kila mkutano ni yeye anayesimama na fimbo yake kutukumbusha kwamba watoto wa sasa wanakula meza moja na wakwe zao kama watu waliokutana hotelini.

Siku ile wahudumu wakamkalisha benchi la mbele kabisa, nyuma ya bega la Jenifer. Nikalenga kiapo, na nikaona nini? Uso wa mkamwana na uso wa baba mkwe, shavu kwa shavu, ndani ya kioo kimoja! Nikaona nawakalisha pamoja kwenye runinga mbele ya ukoo, na kila Krismasi watarudiwa. Nikahamia kulia, nikakuta mgongo wa mchungaji. Nikahamia kushoto, bado Mzee yupo, maana ni mtu mpana. Hakukuwa na mahali salama isipokuwa juu. Nikaipandisha kamera juu, nikaomba Noah aape haraka.

Na hata bajeti ilifaidika. Fundi wa duka aliniambia picha iliyotulia hula nafasi ndogo kwenye kadi kuliko ile yenye purukushani. Kuna kitu gani kilichotulia kuliko paa? Tungemwondoa tu yule popo.

Kwa hiyo namuuliza Mzee Ambindwile kwa heshima zote, na msomaji asubiri kwanza Mzee akae vizuri: analalamika kwamba kwenye video hakumwona mkamwana wake. Alitaka kumwona ili iweje?

Naomba kuanzia sasa kina baba wakwe wafuatilie ibada kutoka nje, dirishani. Wapelekewe viti, na mvua ikianza wapewe mwavuli wa usharika.

5. Kuhusu Nelson. Sina ubaya naye. Ni kijana mpole, "Shikamoo mama" yake haikosekani, na betri amezipanga kwenye begi kama mahindi ghalani. Lakini niambieni, hiyo kamera yake inayopaa inapiga nini? Inapanda juu, inatulia, inapiga paa. Mimi nimepiga paa la ndani nafukuzwa. Yeye anapiga paa la nje, watu wanapiga vigelegele. Haki iko wapi? Tena kule Lufingo iliposhuka ghafla, kuku walikimbilia migombani na bibi mmoja akaanza kutubu kwa majina ya watu. Mimi kamera yangu haijawahi kumtoa mtu siri.

Baba zangu, mkinizuia kanisani, hakuna familia itakayoniita ukumbini, maana nani anataka ndoa isiyo na kiapo? Ndoa ndefu inahitaji mtu tajiri wa betri. Watu wetu wengi si matajiri, na mimi si tajiri. Mungu amenipa kadi mbili na betri mbili, moja mkweli na moja mwongo, na nimeridhika nazo. Kinachobaki ni harusi nayo iridhike.

Nawaachia amani, na Alhamisi Roho awaongoze vizuri, hasa upande wangu. Nisalimieni mama mchungaji, wanakwaya wote hadi wale wa sauti ya nne wanaochelewa kuanza, na Mwalimu Marietha aliyeninyooshea sentensi mbili tatu humu na kukataa nyingine. Mwambieni Mzee Ambindwile simchukii, na viazi vyake vya mbegu bado namwekea. Ndaga fijo, asanteni sana.

Ni mimi dada yenu katika shamba la Bwana,
Tulinagwe, mama Tulia.

Nyongeza. Bahasha nimeifungua tena. Ndoa ya kitindamimba wangu Tulia inatangazwa Jumapili hii, na harusi ni Desemba, hapo hapo kanisani kwetu. Kwa siku hiyo moja naomba yote niliyoandika yawekwe kando. Mchungaji ahubiri mpaka achoke mwenyewe. Kiapo kibaki mahali pake. Kila shangazi acheze peke yake, na akitaka kurudi nyuma, arudi. Baba mkwe wa Tulia apewe benchi la mbele, anatoka mbali. Na huyo kijana Nelson msimkatae Alhamisi, kwa sababu nimeshamwomba aje na kamera zote, hata hiyo inayopaa. Mimi sitapiga. Harusi zote hizi nimekuwa nyuma ya kamera, na hakuna kadi hata moja yenye sura yangu. Siku ya mwanangu nataka nicheze kwa mikono yote miwili.