Kambi ya Mapishi Imefungwa kwa Mafanikio

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi, ambaye ameomba udhuru. Mheshimiwa Makamu Mwenyekiti wa Bodi, ambaye amekwenda kumtazama Mwenyekiti. Waheshimiwa wajumbe wa Kamati Tendaji, wa Kamati ya Ushauri, na wa Kamati ya Kuzipatanisha Kamati hizo mbili. Wakuu wa idara, makaimu wakuu wa idara, na wale wanaowakaimu makaimu. Wadau wetu wa maendeleo mlioketi kwenye viti vya mbele vyenye vitambaa. Wazazi mlioketi nyuma na mliosimama. Ndugu waandishi wa habari, yaani wewe mmoja. Watoto, vijana, watoto wenye mahitaji maalumu, vijana wenye mahitaji maalumu, na dereva wangu ninayemwona pale mlangoni: itifaki imezingatiwa. (Makofi.)

Kaeni. Mnaweza kukaa. Wenye viti.

Nimesimama mbele yenu asubuhi hii tukufu, kwa heshima, taadhima, unyenyekevu na furaha ambayo maneno hayatoshi kuieleza, ingawa nitayatumia yote, ili mimi mwenyewe binafsi niifunge rasmi Kambi Jumuishi ya Mapishi ya Likizo Ndefu kwa Watoto na Vijana, kambi ya kwanza ya aina yake katika eneo letu, kambi iliyoanza kama wazo dogo kichwani mwangu na ambayo leo hii imekuwa wazo kubwa kichwani mwangu. (Makofi, viti vya mbele. Sauti ya mama kutoka nyuma: "Kuifunga? Si ndiyo kwanza tumefika?")

Mama, nimekusikia, na hilo ni swali zuri ambalo lingejibiwa kwenye kipengele cha maswali kama kipengele hicho kingekuwapo. Ni kweli kwamba tangazo la redio liliwataka mje leo saa tatu asubuhi na aproni, mwiko na vitu vya kupikia, na naona mmetii, maana ukumbi mzima unanuka vitunguu. Ni kweli pia kwamba ufunguzi ulipangwa mwanzoni mwa likizo ukaahirishwa, kwa kuwa mimi nilikuwa safarini kwenye warsha ya umuhimu wa kuheshimu ratiba. Lakini kufunga hakukuahirishwa. Tarehe ya kufunga iko palepale kwenye kalenda ya ofisi, na ofisi yetu, ndugu zangu, haina desturi ya kuchezea kalenda. Kama kila shughuli ambayo haikufunguliwa tungeiacha bila kuifunga, tungebaki na viporo vingapi? (Kicheko kidogo. Mtoto analia.)

Sasa nije kwenye takwimu. Kambi ililenga kuwafikia watoto na vijana mia mbili. Imewafikia mia mbili na ishirini na wanane, sawa na asilimia mia moja na kumi na nne ya lengo, jambo ambalo hata mimi, ninayejijua vizuri, limenishangaza. Kiashiria cha ajali za moto: sifuri. Kiashiria cha vidole vilivyokatwa: sifuri. Kiashiria cha chakula kilichoungua: sifuri. Nawauliza, ni jiko gani duniani, hata la hoteli kubwa, lililowahi kutoa matokeo ya namna hii? (Sauti: "Lisilowashwa!" Kicheko kirefu.)

Aliyesema hivyo amesema kwa mzaha, lakini kitaalamu yuko sahihi. Mtu akikaa mbali na moto, moto nao hukaa mbali naye, na hiyo ndiyo falsafa iliyotuongoza tangu siku ya kwanza. Vilevile nimeulizwa mara nyingi, na hata jana nimeulizwa na mtu anayejiita mlipakodi, walimu wa mapishi wako wapi. Wahenga walisema, wapishi wengi huharibu mchuzi. Menejimenti ilikaa, ikalitafakari neno hilo kwa mapana na marefu, ikaamua kwa kauli moja kwamba kambi isiwe na mpishi hata mmoja. Na mimi nawahakikishia kwamba mchuzi wetu mpaka sasa haujaharibika. (Makofi, viti vya mbele.)

Nije kwenye ujumuishi, au inklusheni kama tunavyosema sisi tuliohudhuria semina. Mimi sitaki, narudia, sitaki kumwona mtoto yeyote akiachwa nje. Ndiyo maana tumejenga ile njia ya mteremko kwa ajili ya viti vya magurudumu, mmeiona pale upande wa mashariki, zege safi, vyuma vya kushikia vimepakwa rangi ya buluu. Wapo wanaonung'unika kwamba njia ile inapanda vizuri kisha inaishia ukutani. Ndugu zangu, njia ilijengwa na idara moja, na mlango ulijengwa na idara nyingine, na idara zote mbili zilimaliza kazi kwa wakati. Mnataka nini tena? (Wakuu wa idara mbili wanasimama na kuinama kidogo.)

Na kwa watoto wetu viziwi, kwa mara ya kwanza tangu ofisi hii ianzishwe, tumemleta mkalimani wa lugha ya alama, huyu kijana mwenye shati jeusi hapa kushoto kwangu. Msalimieni. (Mkalimani anapunga mkono.) Nimekuwa nikimtazama kwa jicho la pembeni. Mimi nimezungumza mambo mazito kwa muda mrefu, na yeye amefanya hivi, halafu hivi, kisha akakunja mikono. Kijana, hivi unayatafsiri yote? (Mkalimani: "Natafsiri maana yake, Mheshimiwa.")

Vizuri sana, maana ndiyo muhimu. Ila naomba kuuliza, mbona watoto wa safu ile nzima wamesimama, wamebeba vikapu vyao, na wanatokea mlango wa uani? (Mkalimani: "Wameelewa, Mheshimiwa.")

Mmeona? Hiyo ndiyo impakti. Iandike hiyo, ndugu mwandishi.

Sasa, kwa kuwa takwimu pekee hazina sura, naomba niwape mfano hai. Yupo hapa binti wa miaka kumi na mitano, asiyeona tangu kuzaliwa, aliyeketi pale na mama yake. Binti, inua mkono. Huo, mmeuona mkono. Binti huyu ni mpwa wa dereva wangu, na habari zake nimezipata garini, kwenye foleni. Mama yake amepata kazi ya kufua mashuka hospitalini na hutoka nyumbani kabla ya jua. Dereva wangu, ambaye ndiye mwenye nyumba na ndiye mjomba, amesema mtoto asiyeona hawezi kuachwa peke yake na jiko. Kwa hiyo ameamua binti apelekwe akaishi kwa shangazi yake, mbali, mwendo wa siku nzima kwa basi, na tiketi ni ya Jumatatu. (Dereva, kutoka mlangoni: "Bosi! Hayo tulikuwa tunaongea tu!")

Usinikatize, ninakusifu. Mama akalia, binti akakataa kula, na dereva wangu, mtu mwenye moyo laini nyuma ya ule usukani, akatoa sharti moja. Nanukuu: "Aende kambini. Siku nitakayokula chakula alichopika yeye mwenyewe, mbele ya macho yangu, bila mtu kumshika mkono, habari ya shangazi imekwisha." Mwisho wa kunukuu. Na leo nasimama kifua mbele kutangaza kwamba binti huyu, aliyeingia kambini hajui mwiko unashikwa upande gani, anahitimu akiwa mpishi kamili anayejitegemea, na cheti chake kiko hapa, kina nembo! (Makofi. Binti anasimama: "Mheshimiwa, mimi sijaingia bado.")

Samahani? (Binti: "Kambini. Sijaingia. Mwiko ninao hapa, haujagusa sufuria tangu ununuliwe. Cheti mjomba haliwezi kumshibisha.")

Hakiwezi, binti, cheti hakiwezi, lakini nimekuelewa. Ni unyenyekevu huo, na ni moja ya stadi za maisha tulizozifundisha. Dereva, sasa umeridhika? (Dereva: "Bosi, mimi nilisema kula. Karatasi sili." Kicheko. Mama wa binti anajifuta macho kwa ncha ya khanga.)

Basi, hilo ni suala la kifamilia, na ofisi yangu haiingilii familia za watu. Tuendelee. Katika mpango mkakati wa miaka kumi ijayo, tunakusudia kuipanua kambi hii kwa kutumia mfumo shirikishi, wa kidijitali, unaozingatia... Nani anakaanga vitunguu?

Nauliza nani anakaanga vitunguu. (Sauti ya mpishi wa ukumbi, kutoka uani: "Ni hawa watoto wako, Mheshimiwa! Nimewapisha kwenye jiko la chai ya wageni! Wanakata vizuri hao, usiwaone kimya!")

Naomba ifahamike, na iandikwe, kwamba hicho kinachoendelea uani hakimo kwenye programu. Kambi hii haijawahi kuwasha moto na sitakubali rekodi yetu ichafuliwe dakika za mwisho. Wazazi, rudini. Wewe mama mwenye kapu la nyanya, rudi. Msimbebe huyo mtoto na kiti chake kupitia dirishani, njia ya mteremko ipo! (Viti vinasogezwa. Nusu ya ukumbi inatoka. Sauti ya binti: "Mama, niachie mkono. Nanusa moto wenyewe uko wapi.")

Binti, keti. Bado nina kurasa. (Dereva anamkimbilia: "Wewe! Wewe rudi hapa! Jiko hilo linawaka kweli!")

Sasa dereva naye ametoka. Wadau wa maendeleo, ninyi bakini, tafadhali, chai itakuja. Mimi nitaendelea, maana kiongozi hayumbishwi na moshi. Nilikuwa kwenye mfumo shirikishi. Mfumo huu una nguzo nne, na nguzo ya kwanza ni uongozi bora, yaani mimi. Kutoka hapa nilipo naona uani kupitia dirishani, na sioni sababu ya kutazama, ila shingo yangu imegeukia huko. Binti amefika jikoni. Amepeleka kiganja juu ya moto, kwa mbali, anapima joto lilipo. Yule mpishi wa ukumbi anamwambia kikaango kiko wapi, kwa maneno tu, hamgusi. Nguzo ya pili ni uwazi. (Sauti ya dereva: "Mshike mkono!" Sauti ya binti: "Mjomba, asinishike mtu. Umesema mwenyewe.")

Amemimina mafuta. Ameinama, anayasikiliza, sikio moja. Nguzo ya tatu... Dereva wangu amejishika kichwa kwa mikono miwili, mtu ambaye nimemwona akipita katikati ya malori mawili bila kupepesa. Binti amevunja yai. La pili. La tatu limemwangukia chini, jamani, limeanguka, lakini ameokota lingine hata hakushtuka. Anakoroga na vile vitunguu vya wale watoto viziwi. Na mmoja wao amekaa mbele yake, anampigapigia mguu wa meza, tap, tap, sijui anamwambia nini, labda chumvi. Loo! Ameweka chumvi.

Samahani. Nguzo ya nne nimeisahau.

Kijana mkalimani, mbona nawe unavua kitambulisho? (Mkalimani: "Mheshimiwa, niliokuwa nawatafsiria wote wako kule. Na njaa haihitaji mkalimani." Anatoka.)

Haya. Haba na haba hujaza kibaba, na mliobaki humu, ninyi haba, mnatosha. Kwa mamlaka niliyopewa naifunga Kambi Jumuishi ya Mapishi leo hii, na mtoto yeyote atakayepika kuanzia sasa anapika nje ya mradi na kwa jasho lake mwenyewe. Tuitikie pamoja. Mapishi kwa wote! (Mwandishi mmoja: "Oyee.") Jiko bila vikwazo! (Mwandishi anafunga daftari.) Hakuna atakayeachwa nyuma! (Sauti kutoka uani: "Sogezeni sahani!")

Kabla sijashuka, uungwana unanidai shukrani. Namshukuru fundi aliyetuchorea jengo la jiko la kambi kwenye bango hili nyuma yangu, kwa ufundi uliotuondolea haja ya kujenga. Naishukuru familia yangu kwa kutuazima watoto wa kwenye picha. Namshukuru mwenye duka la vyombo aliyetuletea lile jiko kubwa lenye utepe, ambalo naomba mtu asiliguse kwa kuwa ni boksi tupu na analihitaji mchana. Nawashukuru wale washiriki mia mbili na ishirini na wanane, popote walipo na wakishazaliwa. Na kwa namna ya pekee kabisa, naishukuru kamati nzima iliyoandaa na kuendesha kambi hii usiku na mchana kwa uadilifu mkubwa, kamati ambayo nitaiteua wiki ijayo.

Asanteni sana kwa kunisikiliza. Dereva! Washa gari. Dereva! Twende, nina kikao cha kufunga mradi wa maji. (Sauti ya dereva, kutoka uani, mdomo umejaa: "Bosi, subiri nimalize!" Sauti ya mama wa binti: "Na ile tiketi ya Jumatatu, kaka?" Sauti ya dereva: "Tiketi gani? Huyu haendi popote. Binti, ongeza hapa.")