Kioo Nilichokiweka Mwenyewe

Ndugu zangu, leo nimeaibika, na ramani ya aibu hiyo niliichora mwenyewe.

Karakana yetu ya kufungasha asali hapa Ilembo imeajiri viziwi wengi. Kazi yangu ni kubuni na kusimamia mazingira yao ya kazi. Kengele niliiondoa, nikaweka taa. Meza nilizipanga nusu duara ili watu waonane wanapozungumza kwa alama. Majuzi nikabomoa hata ukuta wa mbao wa ofisi yangu, nikaweka kioo, ili anayenihitaji anipungie mkono tu. (Kile kioo nilikisifia mpaka nyumbani wakachoka.)

Jambo moja lilinikosesha raha: sikuwa na jina la alama. Jina hilo mtu hajipi. Hupewa na viziwi wenyewe, kutokana na kitu walichokiona kwake. Mimi walinitaja kwa herufi moja moja, S-e-v-e-r-i-n-i, kama mgeni. Kila nilipomuuliza Tabu, kiongozi wa meza, alinijibu kwa mikono: "Subiri, kaka. Bado hatujakujua."

Leo asubuhi akaja Mama Devota, mwenye duka kubwa Majengo. Akitukubali, wote tuna kazi. Akitukataa, wapo watakaorudi kukaa nyumbani. Akazunguka meza zote. Akaonja asali. Akaaga bila kusema kama ameipenda! Nikamsindikiza mlangoni, nikarudi ofisini kwa unyonge, nikajifungia, nikageukia dirisha.

Simu ikaita. Ni Mama Devota.

"Baba Jeni, asali yenu nimeipenda. Nitachukua yote mtakayofungasha."

Jamani! Kiuno kilianza chenyewe. Mkono mmoja simu, mwingine juu. Nikashuka, nikapanda, nikakisukuma kiti pembeni. Sauti, hata hivyo, niliitunza kama ya hakimu. (Mtu wa umri wangu, mwenye shahada, hamrukii mteja.)

"Ombi lako tumelipokea, mama. Niruhusu nishauriane kwanza na wenzangu."

"Shaurianeni tu, baba. Ila kiuno naona kimeshakubali."

Nikaganda.

"Kwani uko wapi, mama?"

"Nimerudia mwavuli wangu. Nimekuta umejifungia, nikaona nikupigie. Hebu geuka."

Nikageuka. Nyuma ya kioo alisimama Mama Devota, simu sikioni, machozi ya kicheko yakimtiririka. Kando yake karakana nzima, mikono juu, viganja vikitikiswa hewani. Ndivyo wanavyopiga makofi. Sisi tunaosikia tukishausikia mlango ukifungwa, tunaamini tuko peke yetu. Kioo changu hakikuwa na imani hiyo.

Makubaliano tuliyamaliza palepale. Sikuthubutu tena kusema nishauriane na mtu.

Kisha Tabu akaingia. Hakuhangaika na herufi. Aliweka ngumi kiunoni, akaizungusha taratibu, na wenzake wote wakairudia.

"Hilo ndilo jina lako," akasema kwa mikono. "Sasa tumekujua."

Mke wangu anashauri niweke pazia. Nimekataa, jina nimelisubiri muda mrefu. Nyie naombeni msicheke. Atakayeshindwa, basi acheke kwa mikono.